Mama mkubwa amefariki, nami kazini nina miezi miwili na nusu: nina likizo ya msiba?

*Shikamoo dada. Mimi ni keshia kwenye supamaketi moja hapa Dar es Salaam. Nina miezi miwili na nusu tangu niajiriwe, bado niko kwenye matazamio. Jana Jumatatu usiku mama mkubwa amefariki Bukoba. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, mama alipokwenda Mwanza kutafuta maisha. Mazishi ni Ijumaa. Ofu yangu wiki hii ni kesho Jumatano. Nimemwambia supavaiza, kanijibu mtu wa matazamio hana likizo, na nikienda nisirudi. Wenzangu wananishauri niseme tu aliyefariki ni mama mzazi. Je, nina haki ya kwenda? Watanikata mshahara? Wanaweza kunifukuza kweli?*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa msiba. Leo ni Jumanne na mnazika Ijumaa, kwa hiyo naanza na mambo ya usiku huu. Ya sheria na mshahara nimeyaweka chini. Hayo utayasoma ndani ya basi, njia ya Bukoba ni ndefu.

Mpigie meneja wa tawi sasa hivi. Supavaiza kazi yake ni kupanga zamu, na kwenye maduka mengi hana mamlaka ya kumpa mtu ruhusa ya siku kadhaa, sembuse ya kumfukuza. Alichokujibu ni hofu ya ratiba yake: ukikosekana wewe, huenda atasimama kaunta yeye mwenyewe. Usimchukie kwa hilo, ila usilichukue jibu lake kama jibu la kampuni. Na piga simu, usianze na meseji. Meseji ya saa tatu usiku inasomwa saa tatu asubuhi, wakati wewe umeshapita Morogoro, na hapo inakuwa ni taarifa ya mtu aliyekwisha kuondoka badala ya ombi.

Kabla hujapiga, hesabu siku zako, maana swali la kwanza atakalokuuliza ni unarudi lini. "Nitarudi mambo yakiisha" ni jibu linalokosesha watu ruhusa kuliko jingine lolote ninalolijua. Ukiondoka kesho alfajiri, ofu yako inaishia njiani bila kumgharimu mtu. Alhamisi unafika, Ijumaa mnazika, Jumamosi unakaa na ndugu, Jumapili unapanda basi, Jumatatu unaingia Dar, Jumanne uko kaunta. Kwa mwajiri umekosekana siku tano za kazi, Alhamisi hadi Jumatatu. Ukiondoka huko Jumamosi alfajiri, siku moja baada ya mazishi, zinakuwa nne na Jumatatu uko kazini. Omba zile unazozihitaji kweli. Mgeni wa kazi aliyeomba tano akarudi siku ileile na saa ileile aliyosema anajijengea jina. Aliyeomba tatu kwa woga kisha akaanza kuongeza kwa simu akiwa kijijini analibomoa.

Kisha tafuta wa kukushikia zamu. Hii si kazi yako kisheria, kupanga watu ni kazi ya uongozi, lakini nimekaa utumishi kwenye maduka makubwa miaka mingi na nakuambia hakuna kinachofungua mdomo wa meneja useme "haya nenda" kama orodha ya majina. Mtu mmoja Alhamisi na Ijumaa, mwingine Jumamosi hadi Jumatatu, na wewe unawalipa kwa zamu za mwisho wa mwezi, zile ambazo watu wamepokea mishahara na foleni inafika kwenye friji za maziwa. Hakuna keshia anayezipenda hizo. Ukizibeba wewe watakubali.

Mkishaongea na meneja, tuma maandishi ya kuthibitisha mlichokubaliana. Kitu kama hiki:

"Habari za usiku meneja. Kama tulivyoongea kwa simu, nimefiwa na mama mkubwa wangu aliyenilea, mazishi ni Ijumaa Bukoba. Naomba ruhusa ya siku tano za kazi, Alhamisi hadi Jumatatu, na ninaelewa zinaweza zisiwe na malipo. Jumanne nitaingia zamu ya asubuhi. Zamu zangu zitashikwa na wafuatao, wote wamekubali." Halafu majina, na namba ya ndugu atakayepatikana kama simu yako imezima.

Huhitaji zaidi ya hapo. Habari za ugonjwa wake ulivyoanza na hospitali alizopitishwa ni za kuwasimulia waombolezaji. Na tafadhali usimtumie bosi picha ya marehemu kama ushahidi, hata akionekana hakuamini. Nimezipokea picha hizo kwenye simu yangu nikiwa ofisini, na sikuwahi kuzihitaji.

Ujumbe huo mpelekee pia afisa utumishi, na supavaiza mwekee nakala ili asione umemzunguka. Halafu toa mkataba wako uangalie jina la mwajiri lililoandikwa juu. Siku hizi keshia na mpanga bidhaa wengi wameajiriwa na wakala, duka ni mahali pa kazi tu. Kama ndivyo, wakala naye apate ujumbe huohuo usiku huu. Nimeshuhudia binti aliyeruhusiwa vizuri kabisa na meneja wa duka, wakala akamwandika mtoro siku zote nne kwa sababu hakuna aliyempa habari.

Jambo la mwisho la usiku huu ni droo yako. Watu wakifiwa hulisahau, na ndilo linalowaumiza baadaye. Kama kuna chenji ya kuanzia uliyoisaini, ufunguo wa droo, au kadi ya kufutia miamala, usisafiri navyo. Mkabidhi anayehusika na asaini kwamba amepokea. Kama hayupo, mkabidhi wa zamu ya usiku na upige picha karatasi. Kama umefunga hesabu jioni na kila kitu kikalingana, tafuta picha ya karatasi ya kufungia hesabu ya leo yenye jina lako. Na namba yako ya siri ya kuingilia kwenye mashine usimwachie mtu yeyote, hata huyo rafiki anayekushikia zamu kwa moyo mmoja. Aingie kwa jina lake. Ikitokea shoti, yaani pesa kupungua kwenye droo, ya shilingi 80,000 siku ya Jumamosi wakati wewe uko msibani, mfumo utasoma jina lako, na kueleza kutokea Bukoba ni kazi.

Sasa nenda kapige simu. Yanayofuata si ya haraka.

Tuje kwenye haki. Kwa Tanzania Bara inayotawala hapa ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar wana sheria yao, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba asilichukue jibu hili kama lake. Sheria hiyo inampa mfanyakazi siku zisizopungua nne zenye malipo kwa ajili ya kuugua au kufa kwa mtoto wake, au kufiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Ni orodha fupi, na wewe inakukosa mara mbili.

Inakukosa kwanza kwa muda. Mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo ya aina yoyote chini ya sehemu hiyo ya sheria, iwe ya mwaka, ya ugonjwa au ya msiba. Hapo supavaiza amegusa ukweli, ila kwa sababu isiyo sahihi. Yeye anasema matazamio. Sheria inahesabu miezi sita. Ni vitu viwili tofauti, na nimeona maofisa wazima wakivichanganya. Matazamio ni makubaliano ya mkataba, na kanuni zinaruhusu yafike hadi miezi 12. Aliyepewa matazamio ya miezi mitatu akafaulu na kupewa barua bado hana likizo ya kisheria mpaka miezi sita itimie. Na kinyume chake, aliyewekwa kwenye matazamio ya mwaka mzima, akifikisha miezi sita anaipata, hata kama barua ya kuthibitishwa kazini hajaiona. Kwa hiyo "uko kwenye matazamio" si jibu. Jibu ni tarehe uliyoanza kazi.

Kuna mlango mdogo hapa kwa wale waliowahi kufanya deiwaka dukani hapohapo. Mtu aliyeajiriwa na mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na jumla ya vipindi hivyo ikazidi miezi sita, anahesabiwa kuwa na haki. Kama mwanzoni mwa mwaka uliitwa kusaidia miezi minne, ukaachwa, kisha ukaitwa tena, fungua mahesabu upya. Maduka hupenda kuuanza kila mkataba kama vile wewe ni mtu mpya.

Inakukosa mara ya pili kwa undugu. Mama mkubwa hayumo. Wala baba mdogo, shangazi, mjomba, mama mkwe, baba mkwe, shemeji. Sheria inasema mzazi, na ofisi inasoma mzazi kuwa ni aliyekuzaa. Kwetu huyo aliyekuogesha, akakushonea sare, akasimama mbele ya mwalimu mkuu kama mzazi wako, ni mama bila kiambishi. Ila usitegemee kwamba meneja atalikubali hilo kama hoja ya kisheria. Atalikubali kama hoja ya kibinadamu, ukilisema lilivyo. Ndiyo maana kwenye ule ujumbe nimeandika "mama mkubwa wangu aliyenilea". Neno "aliyenilea" ndilo linalofanya kazi yote pale. Mameneja nao walilelewa na watu.

Na hapa nisimame kidogo kwa hao wenzako wanaokushauri useme ni mama mzazi. Najua wanavyoona: kwa vile kwetu mama mkubwa ni mama, uongo uko wapi? Uko kwenye faili lako. Siku ulipoajiriwa ulijaza fomu ya taarifa binafsi: jina la mama, anapoishi, yu hai au la, na mtu wa kupigiwa simu ukipata dharura. Mtu wa utumishi akiletewa taarifa ya msiba, jambo la kwanza kwa wengi wetu ni kufungua faili hilo, hata kwa ajili ya kujua rambirambi iandikwe kwa jina gani. Mama yako yupo Mwanza, mzima, pengine ndiye namba ya dharura uliyoiandika. Msiba wa uongo ni kosa la udanganyifu, na udanganyifu kwa mtu anayeshika pesa ni jambo jingine kabisa; hakuna duka litakalomwacha kaunta. Tena mbali na hayo, Mungu amweke mama yako miaka mingi, siku yake ikifika utaiambia nini ofisi?

Mameneja wana sababu ya kuwa wagumu, na ni vizuri uijue ili usidhani ni roho mbaya tu. Kila duka kubwa lina kumbukumbu za mabibi wanaofariki wiki ya mwisho ya Desemba, na wengine hufariki tena Desemba inayofuata. Mfanyakazi wa miaka mitano akisema amefiwa, anaaminiwa kwa miaka mitano yake. Wewe huna hiyo akiba bado. Unachoweza kuweka mahali pake ni tarehe, majina ya wa kukushikia zamu, na karatasi.

Karatasi yenyewe ni rahisi. Sheria inamruhusu mwajiri kuomba ushahidi wa kuridhisha kabla ya kulipa siku za msiba, na hata kwako ambaye hulipwi ni busara kuuleta bila kuombwa. Cheti cha kifo mara nyingi hakiwi tayari ndani ya wiki ya mazishi, kwa hiyo usikisubiri. Kibali cha mazishi kinatosha, au barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri, ikitaja jina la marehemu, tarehe ya mazishi na uhusiano wenu. Iombe Alhamisi ukifika, maana siku ya mazishi mtendaji hapatikani, na ukisubiri Jumamosi ofisi itakuwa imefungwa. Tunza pia tiketi za basi, ya kwenda na ya kurudi.

Swali la mshahara. Kwa kuwa huna likizo yenye malipo, siku utakazokosa hazilipwi, isipokuwa mkataba wako au mkataba wa hali bora, ule ambao chama cha wafanyakazi hufunga na mwajiri, unasema vinginevyo. Usome kweli, baadhi ya maduka yana vifungu vizuri kuliko sheria, na kama mahali pako pa kazi pana tawi la chama cha wafanyakazi, kwa sekta ya biashara mara nyingi ni TUICO, muulize mwakilishi wao. Kama hakuna, angalia angalau unakatwa kwa hesabu sahihi. Sheria ina jedwali lake: mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa idadi ya siku unazofanya kazi kwa wiki. Kwa mtu wa siku sita ni sawa na kugawanya kwa 26. Tuseme unalipwa shilingi 300,000: siku moja ni kama 11,540, na siku tano ni kama 57,700. Ukiona wamegawanya kwa 22, kila siku imekuwa zaidi ya 13,600 na unaibiwa kidogokidogo. Ukiona wamekata siku sita, wamekukata na Jumatano ambayo ilikuwa ofu yako. Peleka hesabu hiyo utumishi, kwa upole, ikiwa imeandikwa. Mara nyingi ni makosa ya mtu wa mishahara tu na hurekebishwa mwezi unaofuata.

Je, wanaweza kukufukuza? Hapa sitakupamba. Sehemu ya sheria inayozuia kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Maana yake, wakikuachisha wiki ijayo, mlango ule ambao mwenzako wa miaka miwili angeuingia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoiita CMA, kwako umefungwa kwa madai hayo. Lakini supavaiza kusema "usirudi" hakumalizi ajira. Notisi ya kusitisha mkataba inapaswa kuwa ya maandishi, yenye sababu na tarehe, na kwa mtu anayelipwa kwa mwezi aliyepita mwezi wa kwanza kazini ni siku zisizopungua 28, au alipwe badala yake. Juu yake kuna mshahara wa siku ulizofanya kazi na cheti cha utumishi. Hivyo unavidai hata kama una miezi miwili na nusu. Mwajiri mwenye akili akipiga hesabu kwamba kumwondoa keshia aliyeshafundishwa kazi kutamgharimu karibu mshahara wa mwezi, kisha aanze kufundisha mwingine, mara nyingi hugundua kwamba siku tano si nyingi. Wakikuondoa na wasikulipe, usikae. Madai ya Tume yana ukomo, mengine siku 30, mengine 60.

Kuna namba moja zaidi uishike. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinahesabu kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa au bila sababu inayokubalika, kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Ziangalie tena siku zako: Alhamisi hadi Jumatatu ni tano kamili. Basi likiharibika Singida ukaingia Dar Jumanne usiku, umekuwa na ya sita. Kufiwa ni sababu inayokubalika kwa mtu yeyote mwenye moyo, lakini usitake kufika mahali pa kubishana juu ya hilo. Ukiona safari inachelewa, tuma ujumbe palepale barabarani, na picha ya basi lililosimama ukiweza. Ruhusa ya maandishi pamoja na taarifa ya kuchelewa vinakutoa kabisa kwenye kundi la watoro.

Na meneja akikataa katakata? Muulize kama anakataa siku zote tano au idadi tu. Rudi na nne. Akikataa na nne, mwandikie kwamba umeomba, amekataa, unakwenda kumzika aliyekulea, na utaripoti Jumatatu asubuhi. Kisha nenda. Huo ni ushauri wangu kwa msiba huu, na najua si kila mtu wa utumishi angeutoa. Kazi ya kaunta utaipata nyingine, kwa shida lakini utaipata. Ila ningekuambia tofauti kabisa kama angekuwa mjomba uliyemwona mara mbili kwenye harusi. Katika miezi sita ya kwanza una ruhusa moja ya kuomba, labda mbili, hata kama hakuna aliyeiandika mahali. Ukiitumia kwa kila msiba wa ukoo, na koo zetu ni kubwa, hutakuwa nayo siku ya wa kwako. Kwa wengine tuma rambirambi kwa simu, ongea na wafiwa, na nenda kuwaona ukipata nafasi. Watanung'unika. Wape muda.

Hata ukishapita miezi sita usidhani umefika. Wengi wanaamini zile siku nne ni kwa kila msiba. Sivyo. Kwa likizo zisizo za mwaka sheria inahesabu mzunguko wa miezi 36, na siku nne ni za mzunguko wote, hata ikitokea misiba mitatu ndani yake. Mtoto akilazwa ukatumia siku tatu, imebaki moja ya kumzikia bibi. Zaidi ya hapo unaweza kuongezwa kwa idhini ya mwajiri, bila malipo. Kwa wajane Waislamu pengo ni kubwa zaidi: eda ni miezi minne na siku kumi, na siku nne haziikaribii. Wanawake niliowahi kuwahudumia waliunganisha likizo ya mwaka ya siku 28 na siku zisizo na malipo, kisha wakaongea na sheikh kuhusu kutoka mchana kwenda kazini kwa ajili ya riziki. Hayo si mambo ya afisa utumishi kuyaamua, ingawa wapo wanaojaribu.

Mniwie radhi wasomaji wa Kenya, hesabu yenu ni nyingine. Sheria yenu ya Ajira ya mwaka 2007 haina likizo ya msiba kabisa. Mnategemea mkataba, makubaliano ya chama, au siku zenu za likizo ya mwaka.

Ukirudi Jumanne, nenda kwa meneja kabla ya kuvaa sare, mpe ile barua, mshukuru, na uwashukuru waliokushikia zamu mbele yake. Usimwombe ruhusa ya arobaini siku hiyo. Arobaini ikikaribia badilishana ofu, au uifanye kwa dua na chakula hapahapa Dar. Kisha ulizia kama duka lina mfuko wa kufa na kuzikana. Sehemu nyingi zenye wafanyakazi wengi wanao, unachangia kidogo kila mwezi, na mingine humtambua mzazi wa kulea ukimwandikisha mapema. Wewe hukuwa mwanachama safari hii, kwa hiyo usitarajie kitu zaidi ya mchango wa hiari wa wenzako. Wakikuletea bahasha, pokea.

Na kuhusu kaunta yenyewe: wiki ya kwanza baada ya msiba ndiyo wiki ya shoti. Akili inakwenda Bukoba na kurudi, mteja anakupa noti ya 10,000 unamrudishia kana kwamba ni ya 5,000, anayefuata unamrudishia mara mbili. Omba wakupange kwenye rafu au kufungasha kwa siku mbili tatu, na sema sababu waziwazi. Meneja anayejali droo yake atakuelewa haraka. Wakikataa, kila noti kubwa iweke juu ya droo, nje, mpaka mteja aipokee chenji yake, na chenji ihesabu mara mbili mbele yake. Foleni ikilalamika, iache ilalamike.